Ukungu wa Jicho na Ukungu wa Mbingu

Miongoni mwa vitu vinavyoonekana angani usiku vipo vichache ambavyo havijipambanui kuwa nyota wala havifichiki kabisa: ni madoa ya weupe hafifu, mithili ya pumzi iliyogandama juu ya kioo, ambayo jicho huyaona na papo hapo huyatilia shaka. Wataalamu wa falaki, yaani elimu ya nyota na sayari, huyagawa leo, ukiacha galaksi zitakazotajwa mbele, katika jamii mbili kuu. Mengine ni mafungu ya nyota, makumi au maelfu au hata mamilioni ya nyota zilizofungamana kwa nguvu ya uvutano, ambazo kwa sababu ya umbali mianga yake huchanganyika ikawa kama ukungu. Mengine ni nebula, yaani mawingu halisi ya gesi na vumbi yaliyotanda baina ya nyota. Kwa macho matupu, na mara nyingi hata kwa darubini ndogo, jamii hizo mbili hazitofautiani. Hapo ndipo linapozuka swali la falsafa ambalo dini nayo haijapata kulikwepa: kitu kinapoonekana kwa utusitusi, je, utusitusi huo ni wa jicho linalotazama, au ni wa kitu chenyewe kinachotazamwa?

Kiswahili kinasaidia kulichimbua swali hilo, kwa kuwa kitenzi kuona hakiishii machoni. Mtu huona nyota, lakini pia huona njaa, huona haya, huona uchungu, na anapotoa maoni husema anaona kwamba jambo fulani ni kweli. Ndani ya neno moja zimekaa hisi, hisia na hukumu, wala msemaji hasumbuki kuzitenganisha. Kitenzi kubaini, kilichotoka katika Kiarabu, kina tabia nyingine, maana mzizi wake hubeba kwa pamoja maana ya kutengana na maana ya kuwa wazi, kana kwamba jambo haliwi wazi mpaka litengwe na jirani yake. Ndicho hasa ambacho darubini hulifanyia fungu la nyota: kioo kikiwa kipana cha kutosha, doa la weupe huanza kuchanganuka, chembe moja ikajitenga na nyingine, na kilichokuwa kimoja kikawa vingi. Katika makala haya tendo hilo litaitwa kubainisha, na kisichobainishwa kitaitwa ukungu, bila kuamua mapema kwamba ukungu huo ni wa nani.

Anayetazama kitu hafifu hugundua kwanza kwamba jicho si dirisha. Katikati ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea nuru, zimesongamana seli za umbo la pia, ambazo hutambua rangi na kusoma herufi ndogo lakini huhitaji nuru nyingi. Seli za umbo la vijiti, zinazohisi nuru haba sana, hazimo katika kitovu hicho bali zimeenea pembeni yake. Matokeo yake ni kwamba fungu hafifu la nyota hutoweka pale linapokaziwa macho, likarejea mtazamaji anapolielekeza jicho kando kidogo na kuliacha liingie kwa upande. Vijiti hivyo havipati nguvu yake yote ila baada ya nusu saa hivi ya giza, na mwako wa njiti moja ya kiberiti hutosha kuvirudisha nyuma. Mtazamaji aliyezoea kazi hiyo, kwa hiyo, si yule mwenye macho makali tu, bali ni yule aliyejifunza kungoja na kutokodoa.

Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo katika karne ya 11, alikwisha kuonyesha katika kitabu chake cha elimu ya kuona kwamba nuru huingia jichoni kutoka nje, lakini kukitambua kitu ni kazi ya hukumu, tena hukumu ipitayo upesi mno hata mwenye kuitoa asijue kuwa ameitoa. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliitumia nyota yenyewe kama hoja dhidi ya hisi, kwamba jicho huiona ndogo kama dinari ilhali hesabu za jiometri huthibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Kwa Al-Ghazali jicho hutoa taarifa iliyo wazi na yenye kosa, kisha akili huisahihisha. Suala la ukungu ni gumu zaidi, kwa sababu hapo taarifa yenyewe haiko wazi, na akili haijui kama inasahihisha au inabuni.

Wakale waliyaorodhesha madoa hayo bila kuyaamulia. Ptolemy wa Aleksandria, katika karne ya 2, alitaja nyota chache zenye ukungu, na al-Sufi, aliyeandika huko Uajemi mwaka 964, aliongeza wingu dogo lililo katika kundinyota la Andromeda. Mambo yalibadilika mwezi Machi 1610, Galileo Galilei alipochapisha Venice kijitabu chake cha Kilatini, Sidereus Nuncius, na kueleza kwamba Praesepe, doa ambalo jina lake maana yake ni hori, si nyota moja bali ni kusanyiko la nyota ndogo zaidi ya 40. Kutokana na mifano ya namna hiyo alifikia kauli pana: kwamba nyota zote zilizoitwa zenye ukungu ni mafungu ya nyota ndogo, na kwamba hata Njia ya Maziwa, ule mkanda mweupe unaokata anga, ni nyota tupu. Ni vigumu kueleza leo jinsi kauli hiyo ilivyotamanika, kwa kuwa ilikata shauri moja la ubishi wa karne nyingi kwa ushahidi ambao kila mwenye darubini angeweza kuuona. Hata hivyo katika kitabu hichohicho Galileo alichora nyota za mshipi na upanga wa Jabari, kundinyota ambalo Wazungu huliita Orioni, wala hakutaja wingu lililomo katika upanga huo, ambalo ndilo nebula iliyo rahisi kuonekana kuliko zote. Sababu haijulikani kwa hakika, nayo huenda ni ndogo tu; lakini inafaa ikumbukwe kwamba mtu aliyesema hakuna ukungu aliuelekeza mrija wake mahali penye ukungu.

Kwa karne moja na nusu baadaye kila darubini iliyopanuka ilionekana kumpa Galileo haki. Charles Messier, mwindaji wa nyotamkia huko Paris, alitoa mwaka 1781 orodha ya vitu 103 vilivyofanana na nyotamkia ili visimpotezee muda, na humo fungu kubwa la kundinyota la Hercules, lenye nyota mamia ya maelfu, limeandikwa kuwa ni nebula isiyo na nyota yoyote. Miaka michache baadaye William Herschel, Mjerumani aliyehamia Uingereza na kuacha muziki kwa ajili ya falaki, aliielekeza kwenye mafungu ya namna hiyo darubini yake ya futi 20, iliyokuwa na kioo cha upana wa karibu sentimita 47, na nebula za Messier zikaanza kuvunjika moja baada ya nyingine kuwa nyota. Akisaidiwa na dada yake Caroline, aliyekaa usiku akiandika alichotamka kaka yake na ambaye mwenyewe alikuwa mgunduzi wa nyotamkia kadhaa, Herschel aliorodhesha vitu vipya karibu 2,500. Kwa miaka kadhaa aliamini kwamba ukungu wote ni nyota zilizo mbali, na kwamba ukungu ni jina la upungufu wa kioo.

Tarehe 13 Novemba 1790 aliona katika kundinyota la Ng'ombe kitu kilichomfanya aiache imani hiyo. Palikuwa na nyota moja katikati, na kuizunguka pande zote palitanda mwanga mwembamba ulio sawasawa, wenye kufifia kuelekea nje, katika hali ambayo haikuruhusu kudhani kwamba viwili hivyo vimekutana kwa bahati tu. Herschel alihoji hivi: ikiwa mwanga ule ni nyota zisizobainika, basi ama nyota ya katikati ni kubwa kupita kiasi ikilinganishwa nazo, ama zile za pembeni ni ndogo kupita kiasi, na yote mawili hayana mfano, kwa hiyo mwanga ule si nyota, bali ni umajimaji fulani ung'aao ambao asili yake haijulikani. Mwaka uliofuata alichapisha hitimisho hilo waziwazi, akikiri kwamba baadhi ya vitu alivyokuwa ameviita mafungu ya nyota yalistahili kufikiriwa upya. Historia za sayansi humsifu Galileo kwa kubainisha, lakini tendo la Herschel ni adimu zaidi, kwani kutenganisha kunahitaji kioo kizuri, na kutambua kwamba hapa hapatatengana kunahitaji mtu aliyekwisha kufaulu mara nyingi akubali kwamba ufaulu wake si kanuni ya ulimwengu.

Lipo pia jambo la fizikia linaloipa hoja hiyo uzito, ingawa wengi waliozoea picha za rangi hushangaa wakilisikia. Darubini hukusanya nuru nyingi kuliko jicho, ila pia hukuza taswira. Nuru iliyoongezeka hutandazwa juu ya eneo lililokuzwa, na kwa sababu hiyo wingu lenye eneo haliwi ang'avu zaidi, kipande kwa kipande, kuliko linavyokuwa kwa macho matupu. Linakuwa kubwa tu, na kwa ukubwa huo jicho hulipata. Nyota haina eneo la kutandaziwa, hivyo nuru yake yote hubaki katika nukta moja na kuzidi kung'aa kadiri kioo kinavyopanuka. Kwa maneno mengine, fungu la nyota hulipwa kwa kila ongezeko la kioo, na wingu la kweli hubaki na umaskini wake.

Kosa la upande wa pili lilifanyika Ireland. Mwaka 1845 William Parsons, anayejulikana zaidi kwa cheo chake cha Lord Rosse, alikamilisha katika uwanja wa ngome yake ya Birr darubini yenye kioo cha upana wa sentimita 183, kubwa kuliko zote zilizokuwa zimejengwa hadi wakati huo. Swali la nebula lilikuwa limekwisha kuvaa joho la dini na siasa. Nadharia iliyodai kwamba jua na sayari zilitokana na wingu la gesi lililojikunja taratibu ilihitaji kuwepo kwa mawingu halisi angani, na wengi waliiogopa wakidhani ingefungua mlango wa kusema kwamba viumbe nao vilijitokeza bila mkono wa Muumba. Thomas Romney Robinson, kasisi wa Kianglikana na mkuu wa kituo cha falaki cha Armagh, aliyeichukia nadharia hiyo, alikuwa miongoni mwa watazamaji wa kwanza wa darubini ya Birr, naye alitoka akisema kwamba nebula ya kweli haionekani kuwepo. Mwaka 1846 Rosse mwenyewe aliandika kwamba wingu la Jabari nalo linabainika kuwa nyota, na mwaka uliofuata William Cranch Bond wa Harvard akadai kuona vivyo hivyo kwa lenzi ndogo zaidi.

Ingekuwa rahisi kumcheka Robinson kwamba imani ilimpofusha, lakini habari haikai hivyo. John Pringle Nichol wa Glasgow, mtetezi mashuhuri wa nadharia ya wingu, alikubali tangazo la Rosse ingawa lilimnyang'anya mfano wake bora. Tena ndani ya wingu la Jabari zimo nyota nyingi za kweli, ndogo na zilizosongamana, kwa hiyo watazamaji hao hawakuziona kwa kuota. Kosa lao lilikuwa la aina aliyoieleza Ibn al-Haytham: waliona nyota kadhaa, na hukumu ipitayo upesi ikajaza zilizobaki. Kwenye ukingo wa kuona, pale ambapo nukta huwaka na kuzimika kabla haijathibitishwa, anayetarajia nyota hupewa nyota.

Aliyeukata ubishi hakupanua kioo. William Huggins, akifanya kazi kwenye bustani ya nyumba yake ya Tulse Hill, London, alifunga kwenye darubini ya lenzi ya inchi 8 spektroskopu, chombo kinachoipitisha nuru katika mche wa kioo na kuitandaza kuwa utepe wa rangi. Nuru ya nyota hutoa utepe usiokatika uliochorwa mistari myeusi. Gesi nyembamba inayong'aa hutoa mistari michache tu ya nuru iliyozungukwa na giza. Tarehe 29 Agosti 1864 aliuelekeza mtambo huo kwenye nebula moja ya kundinyota la Joka, na badala ya utepe akaona mstari mmoja wa kijani, kisha mingine hafifu kando yake. Ilikuwa gesi, na muda mfupi baadaye wingu la Jabari likatoa jibu lilelile. Mstari wa kijani ulipokosa kulingana na elementi yoyote iliyojulikana ulipewa baadaye jina la nebuliamu, elementi ambayo haikupatikana kamwe duniani, hadi mwaka 1927 Ira Bowen alipoonyesha kwamba inayong'aa hivyo ni oksijeni iliyopungukiwa na elektroni mbili, katika hali ya wembamba usiofikiwa wakati huo na chombo chochote cha maabara. Kwa muda wote huo jina lilikaa mahali pa maarifa, na wengi walioandika nebuliamu katika majedwali huenda walijisikia wamejua kitu.

Msomaji anayedhani kwamba mambo yaliishia hapo, kwa ushindi wa mawingu, atakutana na wingu dogo la al-Sufi. Utepe wa Andromeda ulifanana na wa nyota, kinyume cha wa Jabari, lakini hakuna aliyeweza kuzitenga nyota zake mpaka Edwin Hubble alipotambua humo, mwaka 1923, nyota yenye mwanga unaopanda na kushuka kwa majira, na kwa nyota hiyo akapima umbali. Doa lile ni galaksi, mkusanyiko mkubwa wa nyota ulio nje kabisa ya Njia ya Maziwa, na vipimo vya sasa huuweka umbali wake katika miaka ya nuru milioni 2.5. Huko, ukungu ulikuwa wa jicho. Jabarini, ulikuwa wa mbingu. Na madoa hayo mawili hufanana kwa anayeyatazama kwa macho matupu usiku mmoja wa Desemba.

Wanazuoni wa Kiislamu wana msamiati unaoshika tofauti hiyo vizuri kuliko msamiati wa kawaida wa falsafa. Ghaibu, yaani kilichofichika, hugawanywa katika sehemu mbili: ghaibu ya kuhusiana, ambayo imefichika kwa huyu na iko wazi kwa yule, kama chumba cha jirani au habari ya mji wa mbali, na ghaibu kamili, ambayo haifunguki kwa kiumbe yeyote kwa juhudi zake. Anayeichukua ghaibu ya kwanza kuwa ya pili huweka imani mahali ambapo kazi ilihitajika, na siku kazi inapofanyika imani yake huonekana kuwa imenyang'anywa kitu. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri, aliandika kutoka gerezani Berlin mwaka 1944 dhidi ya desturi hiyohiyo, ya kumfanya Mungu kiraka cha mapengo ya elimu, kwa kuwa mapengo yakizidi kuzibwa Mungu wa namna hiyo hana budi kuzidi kusogea nyuma. Onyo hilo ni la haki, na hurudiwa sana.

Linalorudiwa kwa nadra ni onyo la upande wa pili, ambalo Robinson na Rosse ni mfano wake: kuichukua ghaibu ya pili kuwa ya kwanza, na kuamini kwamba kila kisichobainika kinangoja kioo kipana tu. Huo nao ni utashi wa kuabudu, ila kinachoabudiwa ni kubainisha kwenyewe. Nicholas wa Cusa, kadinali wa Kijerumani, alikamilisha mwaka 1440 kitabu juu ya ujinga uliofunzwa, akimaanisha hali ya mtu ambaye kwa kujifunza amefika kujua kwa usahihi ni nini asichokijua na kwa sababu gani. Ujinga wa namna hiyo hauko mwanzoni mwa njia, kwani Galileo asingeweza kuwa nao. Alihitajika mtu wa mafungu mengi yaliyokwisha kubainishwa, mwenye kipimo cha jinsi nyota zinavyojifunua, ndipo aseme kwamba hapa hazijifunui. Kwa sababu hiyo wanaotetea fumbo la Mungu kwa kukataa uchunguzi wanajikata mguu wenyewe. Lakini mfano huu una mpaka wake, na haifai kuficha hilo: wingu la Jabari halikuwa ghaibu kamili, kwa kuwa spektroskopu ililijibu. Unachothibitisha mfano ni kidogo zaidi, kwamba swali la kama jambo fulani litabainika ni swali linalochunguzika, lenye ushahidi wake, wala haliamuliwi na hamu ya kubainisha wala na hofu yake.

Mfano uliochangamana kuliko yote upo katika fungu ambalo wakulima wa Afrika Mashariki wamelijua tangu kale. Kilimia, ambacho jina lake limetokana na kulima kwa sababu kuchomoza na kuzama kwake kuliashiria misimu ya shamba, na ambacho Biblia ya Kiswahili hukitaja kwa jina hilo katika kitabu cha Ayubu, huonekana kwa macho matupu kuwa nyota sita au saba na ukungu kidogo baina yake. Darubini yoyote huuondoa ukungu huo kwa kuonyesha nyota makumi, na kwa karne mbili na nusu baada ya Galileo hakuna aliyetarajia kitu zaidi. Mwaka 1859 Wilhelm Tempel, akiwa Venice na darubini ndogo ya lenzi, aliona wingu halisi kando ya Merope, mojawapo ya nyota hizo. Baadhi ya wenye vioo vikubwa zaidi hawakuliona na wakatilia shaka neno lake, kumbe ukuzaji wao mkubwa ulilitandaza wingu hadi likapotea, na ubishi uliendelea mpaka ndugu Paul na Prosper Henry walipopiga picha huko Paris mwaka 1885 zilizodhihirisha kwamba katika Kilimia upo ukungu wa kweli. Mnamo 1912 Vesto Slipher akakuta kwamba utepe wa wingu la Merope ni sawa na wa nyota zenyewe. Si nyota zisizobainika, wala si gesi inayojiwakia, bali ni vumbi baridi linaloakisi nuru ya kuazima, nalo huaminika leo kuwa ni mpita njia ambaye Kilimia kimekutana naye safarini.

Wingu hilo bado hutafutwa kwa darubini ndogo katika miezi ambayo Kilimia hupanda juu jioni, na ugumu wake mkubwa ni kwamba nyota zote angavu hupata utando wa mwanga kuzizunguka pindi lenzi inapoingia umande au mtazamaji anapoipumulia. Kwa hiyo anayedhani ameliona huigeuza darubini kidogo hadi kwenye nyota za Hyades, fungu jirani lenye umbo la herufi V karibu na nyota nyekundu ya Dabarani, ambalo halina vumbi la namna hiyo. Zikiwa nazo zimezungukwa na ukungu, hufuta kioo na kuanza tena. Zikiwa kavu, hurudi Kilimia, akaelekeza jicho kando ya Merope, na kungoja.